Baba Alipofunga Duka la Ibra

Wenzangu mliokulia Ibra kabla ya lami na kabla ya umeme, nyinyi sina haja ya kukuelezeni habari ya vumbi. Gari likipita asubuhi, vumbi lake tulikuwa tukilikuta kwenye chai ya saa nne. Mnaikumbuka pia baridi ya alfajiri za Desemba, jinsi ilivyotushangaza siye tuliozaliwa Unguja, hata tukidhani maji ya kutawadhia yana hasira na sisi. Na skuli yetu ya mahema je? Upepo ukivuma, mwalimu akiacha kusomesha, tukatoka sote kwenda kushika kamba. Wajukuu zangu nikiwahadithia habari za hema wananiuliza kama tulikuwa pikniki.

Lakini nikiikumbuka Ibra, wa kwanza kunijia ni baba yangu, Fundi Khalfan, ameinama juu ya cherehani yake ya miguu, pini mbili tatu mdomoni, anatuita kwa kichwa kwa sababu mdomo una kazi.

Tulifika huko Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini tukitokea Dar es Salaam: baba, mama, na siye watoto watatu. Asya ndiye mkubwa, kisha mimi Raya, kisha Zuwena aliyekuwa bado anabebwa. Kwetu khasa ni Unguja, mjini, lakini babu yake baba alikuwa mtu wa Ibra, na huko ndiko tulikorudi, kama mtu anaweza kurudi mahali ambapo hajapata kufika. Aliyetupokea ni Bibi Shamsa, shangazi yake baba, mjane mwenye nyumba kubwa ya udongo na moyo mkubwa kuliko nyumba. Alitupa vyumba viwili na ua mdogo wenye mtende mmoja. Bibi Shamsa hakujua Kiswahili hata neno, na mama hakujua Kiarabu ila cha sala. Basi wakawa wanasemezana kwa vyakula. Bibi akileta rukhal, ule mkate mwembamba kama karatasi, mama akimrudishia sahani na mandazi ya iliki. Bibi akileta tende na kahawa, mama akipeleka mkate wa kumimina. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wanasengenya watu pamoja, na hadi leo sijui kwa lugha gani.

Baba alifungua duka sokoni, chumba chembamba baina ya muuza halwa na mfua fedha. Mwanzo watu walimcheka Kiarabu chake. Alikuwa hatofautishi kumsemesha mwanamume na kumsemesha mwanamke, kwa hivyo sheikh mwenye ndevu akija kupimwa kanzu, baba alimwambia kwa adabu zote ageuke, ainue mkono, ashushe, kama anayesema na bibi harusi. Wazee walitoka pale machozi yanawatoka kwa kicheko. Na kanzu zake walizikataa. Alizoea kushona kanzu za Unguja, zenye tarizi kifuani, na watu wa Ibra wakitaka za kwao, zenye furakha, kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni na kutiwa manukato. Baba hakuona haya. Aliomba kanzu kuukuu ya marehemu mumewe Bibi Shamsa, akaifumua mshono kwa mshono juu ya mkeka, akaishona tena, akaifumua tena. Mama akamwambia, "Khalfan, marehemu atakutokea usingizini adai nguo yake." Lakini Idi ya pili watu walikuwa wanatoka mpaka Bidiya kuja kushonesha kwake. Wakampa jina, Khayyat Zinjibari, fundi nguo wa Kizanzibari, na jina hilo alilipenda kuliko aliloitwa na wazazi wake.

Siku zile ndizo ninazoziota. Alhamisi duka lilifungwa adhuhuri, na baba alirudi na mfuko wa mabaki ya vitambaa, tukakaa uani kushonea watoto wetu wa bandia. Watoto wale walikuwa hawana macho, maana mama alisema si vizuri kuwatia, lakini walikuwa na kanzu zenye furakha. Tukicheza mdako kwa vijiwe vya wadini, yaani bonde la mto mkavu, vile vyeupe vilivyolainishwa na maji, na mshindi akipewa kokwa za tende, nazo hazina faida yoyote ila fahari. Mara moja moja mtu akija kutoka Matrah alituletea nazi kavu. Nazi moja! Mama aliikuna taratibu kama anayehesabu, akaungia mchuzi wa samaki mkavu, na siye tukala kimya, kama tuko msikitini. Baba akimaliza akisema, "Alhamdulillahi, leo nimefika sokoni Darajani, Unguja, na kurudi."

Mama alifariki akimzaa Nasra. Ilikuwa siku ya upepo, mchanga unapiga kwenye milango. Mtoto alilia, na mama alimsikia akilia, Bibi Shamsa alituapia hivyo, kwamba mama alimsikia na akatabasamu. Kisha damu haikukoma, na gari lililokwenda kutafutwa lilipofika, halikuwa na wa kumchukua tena. Nilikuwa na umri wa kuelewa na umri wa kutoelewa. Nakumbuka baba ametoka chumbani amesimama uani, mkono wake wa kulia unafungua na kufunga, kama umeshika mkasi.

Siku ya tatu akaja Mama Mdogo Salma kutoka Sur. Huyu ni mdogo wake mama, tumbo moja, ambaye alitangulia kuja Oman kwa kuolewa na mtu wa Sur, Bwana Hamed, karani wa bandarini. Alikuja na mtoto wake mchanga wa kiume mgongoni. Alipoingia tu alimchukua Nasra, akakaa chini, akamtia ziwani kabla hata hajavua buibui. Mtoto aliyekuwa akilia siku tatu kwa maji ya tende akanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza.

Baada ya matanga wakubwa walikaa kikao. Siku hizi watoto wana vyumba vyao na milango inafungwa, hawasikii lolote. Siye tulikuwa chumba cha pili, pazia tu linatutenga, na tulisikia yote. Bibi Shamsa alisema kwa upole mambo ambayo kila mtu aliyategemea. Mwanamume peke yake hawezi watoto wanne wa kike. Asya, kwa kuwa ni mkubwa, aende Nizwa kwa jamaa, atasaidia nyumba na atasoma. Mimi na Zuwena tubaki naye Ibra. Kichanga kiende Sur. Na Khalfan aoe, ndiyo sunna, na mke hatakosekana.

Baba akasema, "Shangazi, nguo nikishaikata haiwi nzima tena. Watoto hawa sitawakata."

"Na huyu mchanga utamnyonyesha wewe, yaa waladi, mwanangu?" Bibi Shamsa akamuuliza.

Hapo ndipo baba alipolia. Sikuwa nimepata kumsikia akilia kabla ya siku ile. Alilia kama mtu anayekohoa. Kisha akamgeukia Mama Mdogo. "Salma, mchukue. Lakini mpaka aache ziwa tu. Akiacha ziwa, nakuja kumchukua mwanangu akae na dada zake."

"Amana, shemeji," Mama Mdogo akasema. "Kwa Mungu na kwa dada yangu."

Nasra akaenda Sur, na siye watatu tukabaki na baba.

Wanaume wa leo wakisukuma kigari cha mtoto sokoni Maskati hujipiga picha wakaisambaza, na watu wakawapongeza. Baba yangu alijifunza kusuka nywele katika Ibra ya miaka ya sabini. Asubuhi kabla ya skuli alitupanga uani kwa ukubwa, kila mmoja na kitana chake. Siku za mwanzo njia zilikwenda upogo, tukatoka kama tumesukwa na upepo. Asya akawa anafunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Lakini vidole vya fundi ni vidole vya fundi. Haukupita muda mrefu misuko yetu ikawa imenyooka kama mishono yake, hata wasichana wenzetu wakawa wanauliza ni nani anayetusuka. Asya alijibu, "Shangazi." Nilipomwambia baba, alicheka akasema, "Basi mwambie Asya shangazi anataka salamu."

Kupika alijifunza kwa kuunguza. Alihamishia cherehani nyumbani kila baada ya magharibi, na sauti yake ikawa ndiyo inayotulaza. Watu walimsema. Jirani mmoja, mtu mwema, alimwambia mbele yetu kwamba anajitia aibu kwa kazi za kike. Baba akamjibu, "Bwana, kazi yangu tangu ujana ni sindano na uzi. Ungetaka kunicheka ungeanza zamani."

Na kila Alhamisi, duka likifungwa, alikwenda Sur. Wenzangu mnaijua njia ile ilivyokuwa. Leo kijana anatia gari moto Ibra, akimaliza kusikiliza nyimbo zake yuko Sur, na bado analalamika foleni. Baba alipanda nyuma ya lori, juu ya magunia, kupitia Bidiya na Kamil, jua kichwani na mchanga mdomoni, na akifika hujifuta uso kwanza nje ya mlango ili asimtishe mtoto. Anamkuta Nasra amelala, au ananyonya, au analia. Anambeba kidogo. Ijumaa baada ya sala anapanda lori tena. Akirudi tunamkimbilia njiani, "Vipi Nasra?" Naye hutuletea habari kama gazeti: ametoa jino, amekaa, amemng'ata Bwana Hamed kidole. Kwa hiyo tulimjua mdogo wetu vizuri sana, ila yeye hakutujua.

Siku ya kumchukua ilipofika tulikwenda sote. Baba alikuwa ameshona magauni manne ya kitambaa kimoja, kijani chenye maua madogo meupe, ili mtu yeyote akituona ajue siye ni wa nyumba moja. Bibi Shamsa alitupa kopo la halwa. Njiani Zuwena alitapika, Asya akaimba, na baba alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama yupo. Alimwambia dereva wa lori, na dereva alikuwa hakuuliza, "Namfuata binti yangu."

Mama Mdogo Salma alikuwa ameshafunga nguo za mtoto katika kanga. Hakugombana, hakukataa. Angelikataa pengine ingelikuwa rahisi. Alitupakulia chakula, akatutazama tukila, yeye hakugusa. Nasra alikuwa amejificha nyuma yake, ameshika gauni lake kwa mikono miwili, jicho moja tu linachungulia. Asya alimwonyesha gauni la kijani. Nasra akajificha zaidi.

"Mpe mkono baba yako," Mama Mdogo akamwambia.

"Baba bandarini," Nasra akasema, maana baba aliyemjua ni Bwana Hamed.

Bwana Hamed mwenyewe alikuwa ameinama anatazama mkeka.

Lori lilipiga honi nje. Baba akamnyanyua mtoto. Nasra alilia kwanza kama wanavyolia watoto, kwa hasira, kisha akaona Mama Mdogo hajainuka kuja naye, na kilio kikabadilika. Wallahi sijui nikieleze vipi. Alikuwa anaita "Mama" mpaka sauti ikakauka, na baada ya hapo akawa anaita bila ya sauti, mdomo tu unafunguka. Mama Mdogo aliingia ndani akafunga mlango. Tulimsikia akijigonga na mlango ule kwa upande wa ndani, pole pole.

Tulipanda lori. Baba alimkumbatia Nasra kifuani, anamwimbia, anampuliza uso, anamwonyesha mbuzi, anamwonyesha bahari, na mtoto anatazama kulekule tulikotoka. Tukapita nyumba za mwisho za mji. Hapo baba akainuka, akapiga paa la lori kwa kiganja.

"Simama!"

Dereva alifikiri tumeangusha mzigo. Baba akashuka na mtoto, akatupokea mmoja mmoja, akamwambia dereva, "Nenda zako, Mungu akufikishe." Kisha akaanza kurudi mjini kwa miguu, na siye nyuma yake kwa magauni yetu ya kijani, kopo la halwa mkononi kwa Asya kwa kuwa tulisahau kulitoa.

Mama Mdogo alifungua mlango uso umevimba. Nasra alijitupa kwake. Baba alikuwa anahema.

"Unaniachia, shemeji?" Mama Mdogo akauliza, na sauti yake ilikuwa na tamaa na hofu pamoja.

"Sikuachii," baba akasema. "Mtoto huyu mama mmoja amemkosa, na mimi sikuwa na la kufanya. Huyu wa pili sitamwondolea kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini na mimi siwezi kuwa baba wa Alhamisi, na hawa hawawezi kuwa na mdogo wao wa kuhadithiwa." Akamtazama Bwana Hamed. "Hamed, nitafutie nyumba hapa. Karibu kiasi cha kusikia mtoto akilia. Kama yeye hawezi kuhama, tutahama siye."

Bwana Hamed, ambaye nilimjua kuwa mtu wa maneno machache, alikwenda akamkumbatia baba, wakakaa vile, vilemba vimegongana.

Nataka mfahamu baba aliacha nini. Aliacha duka alilolipata kwa kuchekwa. Aliacha jina lake la Khayyat Zinjibari, maana jina kama hilo haliingii katika sanduku. Aliacha nyumba ya bure ya Bibi Shamsa na kaburi la mama, na hilo la kaburi ndilo lililomwumiza zaidi. Siku ya kuhama alikwenda huko peke yake, akachelewa kurudi. Bibi Shamsa alimlaumu hadharani na faraghani. "Mwanamume anamfuata mtoto mchanga?" alisema. "Mtoto ndiye anayemfuata mwanamume!" Lakini lori lilipoondoka alikimbia nalo mpaka mwisho wa uchochoro, bibi wa umri ule, anamwaga maji nyuma yetu ili tufike na turudi salama.

Na siye hatukushukuru. Tulikuwa na marafiki zetu Ibra, na skuli iliyokuwa imeshajengwa ya matofali baada ya hema. Asya alisema waziwazi, "Aliyelia mmoja, tunahamishwa sote. Na mimi ningejua ningelilia."

Baba akamwambia, "Lia basi, mwanangu. Nitakusikiliza. Kuhama tutahama."

Sur tuliipenda taratibu, kama chakula cha ugenini. Kulikuwa na unyevu, jasho halikauki, na harufu ya papa mkavu ikiingia mpaka kwenye daftari. Lakini kulikuwa na watu wengi wa Kiswahili. Jioni wanawake walitandika mikeka barazani, na ungesikia Kiunguja safi, kile cha zamani, na mipasho yake yote. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekaanga bajia, na ukimwamkia shikamoo vizuri, kwa kuinama, alikuongeza moja. Tulikuwa tukimwamkia mara tatu kwa siku. Wajukuu zangu leo wananipungia mkono na kusema "Hai, Bibi," na nikiwauliza wanataka nini wananijibu, "Nataka ile maji baridi." Nawapa, maana mtoto hanyimwi maji kwa ajili ya sarufi, lakini roho inaniuma.

Baba alianza upya kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga, uchochoro mmoja na kwa Mama Mdogo. Hakumlazimisha Nasra neno. Mtoto alilala kwa Mama Mdogo, akala anapopenda, na mchana alizurura baina ya milango miwili. Mwanzo alimwita baba "Ami Cherehani." Siye tulitaka kumpiga kwa hilo, baba akatukataza. "Mwacheni. Hajakosea, mimi si ndiye mwenye cherehani?"

Ilipita miezi mingi. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa nimekaa kibarazani natia vifungo. Nasra akaja mbio, ameanguka mahali, upindo wa gauni umening'inia. Akamsimamia baba magotini, akasema, kama kwamba amekuwa akisema siku zote, "Baba, limechanika."

Cherehani ikasimama. Baba hakunitazama. Alichukua ule upindo akaushona kwa mkono pale pale mwilini mwa mtoto, mishono midogo midogo, polepole sana. Alipomaliza akaukagua, akaufumua, akaushona tena. Nasra akachoka kusimama. "Bado?" akauliza.

"Bado kidogo," baba akasema. "Vumilia, mama."

Tangu hapo Nasra akawa na nyumba mbili, na werevu wa mtu mwenye nyumba mbili. Akitukanwa huku, anahamia kule. Akinyimwa kwa Mama Mdogo, anakuja kuomba kwa baba. Baba na Mama Mdogo waligombana juu yake kila wiki: huyu anasema mtoto atiwe wanja, yule hataki, huyu anasema asome jioni, yule anasema amechoka. Wakigombana, Bwana Hamed alichukua kikombe chake cha kahawa akahamia nje. Lakini ugomvi wao haukulala. Kabla ya magharibi sahani ilikuwa imeshavuka uchochoro imefunikwa kawa, na kabla ya isha ilikuwa imesharudi na kitu kingine ndani yake.

Baba hakuoa tena. Wanawake wa mtaani walimshauri mpaka wakachoka. Kazi yake nayo ilipanda na kushuka. Miaka ya themanini walikuja mafundi vijana kutoka Bara Hindi na mashine za umeme, wanashona kanzu unapokunywa chai, na wateja wa baba wakapungua. Akageukia sare za skuli za wasichana. Alitushonea siye na nusu ya madarasa yetu, na kila gauni aliliachia upindo mpana ndani, ili mtoto akikua litolewe. Alisema, "Msichana hakui kwa mpango wa mzazi."

Tuliolewa mmoja baada ya mmoja. Asya alikwenda Nizwa, akaishi huko kwa hiari yake, na akawa anacheka kwamba Bibi Shamsa alishinda mwishowe. Nasra alikuwa wa mwisho, mwishoni mwa miaka ile ya themanini. Siku ya harusi yake watu walijiuliza bibi harusi atatoka nyumba ipi. Mama Mdogo alisema kwa baba, kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Baba alisema kwa Mama Mdogo, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Wakashikilia hivyo, kila mmoja anampa mwenziwe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekubali kushinda. Mwisho Nasra mwenyewe akasema ataoshwa na kupambwa kwa Mama Mdogo, kisha avuke uchochoro kwa miguu, aagane na baba, na atokee mlangoni kwake. Basi wakatandika mikeka uchochoro mzima. Alivuka na hina mikononi, Mama Mdogo amemshika mkono mmoja, mimi wa pili, na vigelegele vikitoka madirisha yote. Baba alikuwa amesimama mlangoni katika kanzu mpya, amejaribu kunyoosha uso na umemshinda.

Alifariki miaka michache baadaye, asubuhi, baada ya kunywa chai yake. Alikuwa ameugua kwa muda mfupi tu. Mama Mdogo Salma alikuja akakaa nasi, yeye aliyekuwa shemeji tu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini amekaa mahali pa ndugu. Alitwambia jambo moja ambalo hatukulijua. Alisema siku ile lori lilipoondoka na Nasra alimchukia baba yetu kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia mtu. "Na aliporudi," alisema, "nikaona haya nimechukia mtu wa namna ile. Miaka yote hii nilikuwa nikimpikia kwa haya."

Sasa siye wanne tumetawanyika. Asya yuko Nizwa, Zuwena yuko Maskati, Nasra alimfuata mumewe Salalah, mimi niko hapa Sur. Nyumba zetu ni kubwa, kila moja ina majlisi ya wanaume na ya wanawake, na viyoyozi vinavuma mpaka husikii anayebisha hodi. Lami inafika kila mahali. Safari kama aliyoifanya baba juu ya magunia kila Alhamisi, ningeweza kuifanya kwenda kwa ndugu zangu nimekaa kwenye kiti laini, kahawa mkononi. Na siifanyi. Tuna kikundi chetu kwenye simu. Kila Ijumaa kunaingia maua ya kuchora na dua iliyoandikwa na mtu tusiyemjua, na kila mmoja anajibu "Amin" na kuweka simu chini. Wiki iliyopita kijana wangu alinieleza kwamba kazini wamemtaka kwenda kukaa nje, na mke na watoto watabaki, kwa sababu watoto wamezoea skuli yao. Atakuwa akiwaona kwenye skrini kila siku, akanihakikishia, tena kwa picha safi kabisa. Nilimtazama, nikataka kumwambia habari ya babu yake. Lakini simu yake ikalia, akainuka kwenda kuipokea chumba cha pili, na mlango ukafungwa.